LTspice inasema transfoma yangu haipotezi umeme kabisa, nakosea wapi?

fezi_nyekundu aliandika:

Habari zenu wakuu, naombeni msaada, hii ni wiki ya pili nimekwama. Niko mwaka wa mwisho diploma ya umeme na project yangu ni kuonyesha transfoma ya kijijini inapoteza umeme kiasi gani kwa siku, zile za 100 kVA 11/0.4 kV Dyn11 (koili za juu delta, za chini nyota) zinazokaa juu ya nguzo. Cheti cha majaribio ya kiwandani ninacho, kinasema bila mzigo inakula wati 310 na karenti ya bila mzigo ni 2.5% ya karenti kamili, kwenye mzigo kamili upotevu ni wati 1750 kwa nyuzi 75, na impidansi ni 4%.

Nimeamua kuchora fezi moja tu kwenye LTspice (programu ya kusimuleti sakiti), kila kitu nimekihamishia upande wa volti ndogo ili nisihangaike na namba za 11 kV, kwa hiyo koili zote mbili zina thamani sawa. Lm (indaktansi ya kutengeneza flaksi) nimepata 204 mH kwa kugawanya 230.9 V kwa 3.6 A alafu kwa 314. Mzigo ni 1.6 ohm kwa sababu 100 kVA ukigawa kwa fezi tatu inakuja hiyo. Hii hapa:

V1 a 0 SINE(0 230.9 50)
R1 a b 0.001
L1 b 0 204m
L2 c 0 204m
K1 L1 L2 1
Rmzigo c 0 1.6
.tran 0 0.2 0 10u

(Ile R1 nimeiweka tu kwa sababu bila hiyo programu inagoma.)

Sasa tatizo. Ufanisi unakuja 99.9 na ushee. Nikitoa mzigo inakula karibu sifuri wakati cheti kinasema wati 310. Nikafikiri labda ni kwa sababu K nimeweka 1 na hakuna transfoma yenye kaplingi kamili duniani, nikashusha mpaka 0.99, volti kwenye mzigo ikashuka kilele kikawa kama 179, nikashusha 0.95 ikaanguka mpaka 54! Lakini nikipiga hesabu ya nguvu inayoingia na inayotoka bado zinalingana. Volti imepotea, wati hazijapotea. Zimeenda wapi? Au LTspice haifai kwa transfoma kubwa? Msimamizi wangu ameniambia nihamie programu nyingine ya kulipia na mimi hiyo hela sina.

---

mzee_wa_laini:

Kijana pole ila hauko mbali. Programu haina shida, usinunue kitu.

Kosa lako kubwa ni hapo kwenye K na nakuambia ukweli hilo kosa nimeliona kwa watu wenye vyeti vikubwa. K sio upotevu. K inasema flaksi kiasi gani ya koili ya kwanza inafika koili ya pili, na ile isiyofika haijaungua popote, inakaa hewani na kwenye mafuta pembeni ya koili, inajijaza nishati robo saiko na robo inayofuata inairudisha kwenye laini. Inakopa na kulipa. Ndio maana volti inaanguka (kuna indakta imejitokeza katikati ya njia) ila wati haziondoki. Kinachokula wati kwenye sakiti yako ni rezista tu na rezista uliyoweka ni milliohm moja uliyoiweka ili programu isigome. Kwa hiyo programu imekujibu kwa uaminifu kabisa, umeipa transfoma isiyo na upotevu imekupa ufanisi wa transfoma isiyo na upotevu.

Alafu angalia hiyo 0.95 ina maana gani kwa transfoma yako. Indaktansi ya kuvuja inayoonekana upande wa mzigo ni L mara (1 - K²), kwa hiyo 204 mara 0.0975 ni karibu 20 mH, kwa 50 Hz hiyo ni zaidi ya ohm 6, wakati mzigo wako ni 1.6! Transfoma ya hivyo hata taa haiwashi. Ya kwako impidansi ni 4%, ohm ya msingi ni 400² gawa kwa 100000 = 1.6, kwa hiyo Z nzima ni 0.064 ohm. Ukitaka kuipata kwa K unatakiwa kuandika kama 0.99956. Umeona ilivyo karibu na moja? Ndio maana mimi naona kwa transfoma za laini achana na kuchezea K kabisa, weka indakta ya kuvuja peke yake uione kwa macho.

Wati sasa zinatoka kwenye cheti chako. Cheti kina majaribio mawili na kila moja linakupa vipande viwili vya sakiti.

Jaribio la bila mzigo linakupa chuma, yaani upotevu wa kiini. 310 gawa kwa 3 ni 103.3 kwa fezi. Volti ya fezi 230.9, kwa hiyo Rc (rezista inayowakilisha chuma) = 230.9² / 103.3 = 516 ohm. Karenti ya kulisha chuma wati ni 103.3/230.9 = 0.45 A, ile 3.6 A yote ukitoa hiyo kwa pembe (sio kutoa kawaida, ni kipeo cha pili) inabaki 3.57 A ya kutengeneza flaksi, Xm 64.7 ohm, Lm 206 mH. Wewe ulipata 204 kwa sababu hukutenganisha, tofauti ni ndogo kwenye transfoma yako ila kwenye transfoma ndogo za mezani inakuwa kubwa, zoea kutenganisha.

Jaribio la shoti linakupa shaba, yaani upotevu wa waya za koili. 1750/3 = 583 W kwa fezi, karenti kamili 144.3 A, R = 583/144.3² = 0.028 ohm. Z ilikuwa 0.064 kwa hiyo X = 0.0575 ohm, ambayo ni 0.183 mH. Gawa nusu kwa nusu kwa kila upande, 0.014 ohm na 91.5 uH. Hakuna mtu anayejua mgawanyo kamili bila kupima kila koili na kwa kazi yako haibadilishi kitu.

Angalizo moja. Cheti chako kimeandika nyuzi 75, vizuri. Mtu akipima mwenyewe karakana transfoma ikiwa ya baridi, tuseme nyuzi 28, ukinzani wa shaba atakaoupata lazima azidishe kwa (234.5+75)/(234.5+28) ambayo ni 1.18. Asilimia 18 sio kitu cha kusahau. Koili zikiwa za aluminiamu hiyo 234.5 inakuwa 225.

---

koili_ya_pili:

Naongezea kwa mzee hapo juu, amemaliza kila kitu cha transfoma, mimi naongelea upande wa programu maana huko ndiko nilikopotezea muda mwingi.

Kwanza mkuu umeandika SINE(0 230.9 50). LTspice hiyo namba inaisoma kama kilele sio RMS (kilele gawa kwa mzizi wa 2). Kwa hiyo umeilisha transfoma yako 163 V. Ukiangalia nguvu kwenye mzigo utakuta 16.6 kW wakati fezi moja ya 100 kVA inatakiwa 33.3, nusu kamili. Weka 326.6. Ungeacha hivyo alafu ukaongeza Rc ya 516 ungepata wati 52 ukaanza tena kutafuta nusu nyingine ya chuma imeenda wapi.

Pili, indakta usipoitajia Rser (ukinzani wake wa ndani) na haipo kwenye K, LTspice inaiwekea milliohm 1 yenyewe kimya kimya. Kwenye sakiti za elektroniki hakuna anayejali ila hapa R yako nzima ni milliohm 28, zikiingia mbili za bure umeongeza shaba 7% bila kujua. Andika Rser=0 kila mahali.

Tatu, ukianza wimbi la saini (sine) kutoka sifuri flaksi inaanza ikiwa imepanda upande mmoja. Umeme ukipita sifuri ndio flaksi inatakiwa iwe kwenye kilele chake cha upande wa pili, sasa wewe unaanza na flaksi sifuri kwa hiyo wimbi lote linasogea juu, na kushuka kwake kunategemea Lm/R ambayo kwako ni 0.206 gawa 0.014, karibu sekunde 15! Simulesheni yako ya sekunde 0.2 haitaona ikishuka. Kwa Lm ya kawaida isiyoshiba (isiyofika kikomo cha flaksi) wati hazibadiliki sana ila siku ukiweka chuma kinachoshiba utaona karenti inaruka mara nyingi ya kawaida na wastani wako wote unakuwa takataka. (Ndio ile transfoma inavyonguruma ukiiwasha, sio kitu cha kwenye kompyuta tu.) Dawa ni kuanza kwenye kilele cha volti, pembe ya nyuzi 90, lakini hapo kuna mtego mwingine, LTspice kabla ya kuanza inatafuta hali ya DC na indakta kwa DC ni waya, itachukua 326.6 V gawa kwa 0.014 ikakuanzishia na maelfu ya ampea. Kwa hiyo lazima uweke uic mwishoni ili ianze na karenti sifuri.

Sakiti nzima iwe hivi:

V1 a 0 SINE(0 326.6 50 0 0 90)
R1 a b 0.014
L1 b c 91.5u Rser=0
Rc c 0 516
Lm c 0 206m Rser=0
R2 c d 0.014
L2 d e 91.5u Rser=0
Rmzigo e 0 1.6
.tran 0 0.2 0 10u uic
.meas TRAN Pfe AVG V(c)*I(Rc) FROM 160m TO 200m
.meas TRAN Pcu AVG (I(R1)*I(R1)+I(R2)*I(R2))*0.014 FROM 160m TO 200m
.meas TRAN Pout AVG V(e)*I(Rmzigo) FROM 160m TO 200m

Dirisha la 160 mpaka 200 ni saiko mbili kamili. Usipime saiko moja na robo, wastani utadanganya. Majibu ya .meas (Pfe ni wati za chuma, Pcu za shaba, Pout za mzigo) yako kwenye logi, Ctrl+L.

Unaona hakuna K kabisa, kwa sababu umeshahamishia kila kitu upande mmoja. Ukitaka kuonyesha 11 kV kweli basi uwiano wa fezi ni 11000/230.9 = 47.6, sio 27.5, kwa sababu juu ni delta chini ni nyota. Hapo ndipo K inarudi, na thamani za indakta zinaenda kwa uwiano kipeo cha pili. Na upande wa pili usisahau kuufunga kwenye graundi, koili inayoelea hewani LTspice haiitaki.

---

fezi_nyekundu:

Aisee wakuu Mungu awabariki sana, nimekaa na simulesheni mpaka saa nane usiku.

Bila mzigo (niliweka Rmzigo 1Meg) Pfe imekuja 103 W, mara tatu ni 310 kama cheti!! Kwa mzigo wa 1.6 ohm Pfe ni 101 hivi, Pcu karibu 565, Pout 32.1 kW. Ufanisi kasoro kidogo 98%. Jumla ya fezi tatu upotevu ni 2 kW.

Swali, kwa nini shaba ni 565 na sio 583 ya kwenye cheti? Na chuma kwa nini kimepungua kutoka 103 hadi 101, si tunaambiwa darasani upotevu wa chuma haubadiliki na mzigo?

Na kingine, sasa nafanyaje nipate siku nzima? Nikiweka .tran ya masaa 24 kompyuta si italala.

---

mzee_wa_laini:

Safi sana. Majibu yako ni sahihi na maswali yako ni mazuri kuliko majibu.

Shaba ni 565 kwa sababu transfoma imeangusha volti kidogo, kwenye mzigo una kama 227 V, mzigo wako ni rezista kwa hiyo karenti nayo imeshuka kutoka 144 hadi kama 142. Cheti kinapima kwa karenti kamili, wewe unapima kwa mzigo kamili wa jina. Chuma nacho hivyohivyo, volti katikati ya sakiti imeshuka kama 1% na wati zinafuata volti kipeo cha pili. Kile cha darasani ni makadirio mazuri, sio uongo.

Siku nzima usiisimuleti! Umeme wa 50 Hz una saiko zaidi ya milioni nne kwa siku, unataka kuzichora zote za nini? Namba mbili za cheti, 310 na 1750, simulesheni imekuonyesha zinafanya kazi, zilizobaki ni kalamu. Chuma kinakula 310 W saa 24 kila siku hata kijiji kizima kikiwa kimelala, hiyo ni 7.44 kWh. Shaba inakwenda na mzigo kipeo cha pili.

Chukua kijiji cha kawaida, jioni saa kumi na mbili mpaka saa nne watu wanapika wanaangalia TV mashine inasaga, tuseme 80%. Masaa mengine 20 ni 20%. Jioni: 0.64 × 1750 = 1120 W kwa masaa manne, 4.48 kWh. Mengine: 0.04 × 1750 = 70 W kwa masaa 20, 1.4 kWh. Shaba jumla 5.88. Kwa hiyo chuma kimekula zaidi ya shaba! Wengi hawaamini mpaka uwaonyeshe. Jumla 13.3 kWh kwa siku kwa transfoma moja, na umeme uliopita ni 720 kWh.

Hapa kuna kosa la watu wa ripoti. Wanachukua mzigo wa wastani, ambao hapa ni 30%, wanapiga 0.09 × 1750 × 24 wanapata 3.78 kWh na wanaandika hiyo. Wamepunguza shaba kwa theluthi nzima. Wastani wa kipeo cha pili sio kipeo cha pili cha wastani, wewe kusanya mzigo saa kwa saa hata kama ni kwa daftari.

Na ufanisi wa juu kabisa wa transfoma hii unakuja pale shaba inapolingana na chuma, mzizi wa 310/1750 ambao ni mzigo wa 42%. Sio kwenye mzigo kamili. Ndio maana kununua transfoma kubwa "kwa ajili ya baadaye" alafu ikakaa miaka na 10% ni kulisha chuma bure. Ulaya wameweka sheria kwa hili, tangu 2015 ya 100 kVA ya mafuta hairuhusiwi kuzidi wati 145 bila mzigo na kuanzia 2021 wamebana mpaka 130. Linganisha na 310 yako. Hiyo tofauti peke yake ni zaidi ya kWh 4 kwa siku. Weka hiyo kwenye project yako, itakupa sura nzima.

---

dada_hamoniki:

Samahanini kuingilia, mada nzuri sana. Msichukulie fezi tatu ziko sawa, kijijini haziko sawa hata siku moja, fundi anaunga nyumba kwenye waya ulio karibu na ngazi yake basi. Nina mfano ninaoutumia kila mara: fezi tatu kila moja 50%, vipeo vya pili ni 0.25 mara tatu = 0.75. Sasa mzigo uleule ukae 100%, 40% na 10%, jumla bado 150, lakini vipeo vya pili ni 1 + 0.16 + 0.01 = 1.17. Shaba imepanda 56% na hakuna mteja hata mmoja aliyeongezeka. Na hapo sijahesabu nyutro. Mdogo wangu kama utaenda site beba klampu mita upime kila fezi jioni, usipime moja ukazidisha kwa tatu.

La pili ni mizigo ya siku hizi, taa za LED za bei rahisi, chaja, TV, inverta. Hizi hazivuti saini safi, zinavuta vipande vyenye hamoniki za 3, 5, 7 (mawimbi ya frikwensi mara 3, 5, 7 ya 50 Hz). Ile sehemu ya upotevu ya edi karenti (karenti zinazozunguka ndani ya waya wenyewe) ndani ya koili inapanda kwa namba ya hamoniki kipeo cha pili, ya 5 inachemsha mara 25 kuliko karenti hiyohiyo ingekuwa ya 50 Hz. R ya 0.014 kwenye sakiti yenu haijui hilo, kwake 50 Hz na 250 Hz ni sawa. Na ya 3 kwenye Dyn zinajumlika kwenye nyutro upande wa chini na kuzunguka ndani ya delta upande wa juu, haziendi 11 kV lakini zinachemsha transfoma. Kwa diploma sidhani kama unahitaji kuisimuleti, andika tu kwamba modeli yako ni ya saini safi na sababu uliyoiacha ni hii.

---

koili_ya_pili:

Kweli kabisa dada. Na Rc nayo ina mpaka wake, ni halali kwa 50 Hz na volti ya karibu na ya kawaida tu. Chuma kina upotevu wa aina mbili, histeresisi (chuma kugeuzwa sumaku huku na huku) inayokwenda na frikwensi na edi inayokwenda na frikwensi kipeo cha pili, Rc moja inavichanganya. Mhandisi Steinmetz mwaka 1892 alishaona histeresisi inafuata flaksi kwa kipeo cha 1.6, wakati rezista inalazimisha 2. Ukipandisha volti 10% Rc itasema chuma kimeongezeka 21% lakini chuma halisi kikikaribia kushiba kinapanda kwa kasi zaidi.

Ukitaka kuona kushiba LTspice ina indakta ya aina ya pili, unaiandikia Hc, Br, Bs (namba za sumaku za chuma), na vipimo vya chuma A, Lm, Lg, N badala ya henri (Lm hiyo ni urefu wa njia ya flaksi, sio Lm ya sakiti yetu). Ni modeli ya Chan. Inachora lupu ya histeresisi yenyewe na eneo la hiyo lupu ndio wati. Mambo mawili tu: haikubali K, kwa hiyo unaiweka mahali pa Lm kama kwenye sakiti yetu hii. Na ukiiweka usiache Rc ya 516 ileile maana histeresisi utakuwa umeihesabu mara mbili, ipandishe Rc ibaki ya edi tu mpaka jumla irudi 103 W.

---

fezi_nyekundu:

Nimeelewa wakuu. Nimeamua nabaki na Rc, project ni ya volti ya kawaida. Jumamosi naenda na klampu mita ya chuo kwenye transfoma iliyo karibu na kwetu, mafundi wenyewe wa laini wamekubali nisimame nao wakati wanapima, kila fezi kila saa kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tano usiku, na asubuhi saa mbili. Namba nikizipata naziweka hapa hapa, na shaba nitaipiga fezi kwa fezi kama dada alivyosema. Mzee swali la mwisho, karenti ya mchana nikikuta iko chini ya 10% niipime kweli au niiandike sifuri?

---

mzee_wa_laini:

Ipime. Kwenye shaba haitaonekana, 10% ni wati 17 na nusu tu, ila utaihitaji kwenye kWh zilizopita ili asilimia yako ya siku itoke sawa. Na wewe simama chini, klampu apande nayo fundi wa laini, wewe andika.